Seva ilipokufa: historia fupi ya diski, na taa ambayo hakuna aliyeiangalia

Najua nimepotea kidogo, kazi za gazetini mnazijua wenyewe. Leo naomba tuongee jambo ambalo baadhi yenu mtasema ni la mafundi wa kompyuta na halituhusu. Nivumilieni, mtaona kwamba linatuhusu sana.

Jumanne moja ya mwaka 2022, saa mbili kasoro usiku, kurasa za kesho zikiwa zinafungwa, seva ya picha ya gazeti nililokuwa nafanyia kazi ilikufa. Jina la gazeti naliacha, tusigombane bure. Alianza msanifu kurasa kulalamika kwamba picha hazifunguki. Mara folda zikawa zinafunguka tupu. Mara hata folda zenyewe hazionekani. Kijana wetu wa IT akaingia chumba cha seva, akakaa humo kama dakika kumi, akatoka kanyamaza.

"Kaka, diski mbili zimekufa," akaniambia. "Moja imekufa leo. Nyingine ilikufa zamani, ila hatukujua."

Gazeti lilitoka, maana picha za siku ile zilikuwa bado kwenye kamera na simu zetu. Tatizo lilikuwa zile za nyuma. Kwenye seva ile kulikuwa na picha tangu mwaka 2009: kampeni za uchaguzi, misiba, mechi za ligi, mafuriko ya Dar es Salaam ya Desemba 2011, wachuuzi, wanafunzi, watu wa kawaida ambao hawajawahi kupigwa picha na mtu mwingine yeyote mwenye kamera ya maana. Mimi chuo kikuu nilisoma historia kabla ya kuingia kwenye uandishi. Usiku ule nilikosa usingizi.

Kesho yake nikaanza kumganda yule kijana wa IT kwa maswali. Diski inakufaje? Kwa nini hatukujua? Na nyie mafundi mmekuwa mkifanya nini tangu kompyuta zianze? Alinieleza alichojua, mengine nikaenda kusoma mwenyewe. Nilichokikuta ni historia tamu kuliko nilivyodhani, na ndiyo hii.

Tuanzie mwaka 1956. Kampuni ya IBM ilitangaza mashine iliyoitwa 305 RAMAC, iliyobuniwa na timu yake ya San Jose, California, chini ya Reynold Johnson. Ndani yake kulikuwa na diski ya kwanza kuuzwa kibiashara. Msifikirie kitu cha kutia mfukoni. Zilikuwa sahani 50, kila moja na upana wa sentimita 61, zimepangwa juu ya mhimili mmoja na zinazunguka mara 1,200 kwa dakika. Uzito wake ulizidi tani moja. Na uwezo wake? Herufi milioni 5. Picha moja tu ya simu yako ya leo ingeijaza.

Kabla ya hapo, taarifa ziliwekwa kwenye kadi zilizotobolewa na kwenye kanda za sumaku. Ukitaka habari iliyo mwishoni mwa kanda, unaizungusha kanda yote mpaka uifikie. Diski ilibadilisha mambo kwa sababu mkono wake ungeweza kwenda moja kwa moja mahali unapotaka. Lakini wadau, oneni tatizo lililokuja pamoja na uzuri huo. Diski ni chuma kinachozunguka mchana na usiku, na kichwa cha kusomea kinaelea juu yake bila kuigusa, kwa nafasi ndogo mno. Kitu cha namna hiyo lazima kitakufa. Hujui tu siku.

Sasa twende Marekani hiyohiyo, kwenye maabara za Bell Labs, mwaka 1969. Ken Thompson, na muda mfupi baadaye Dennis Ritchie, walianza kutengeneza mfumo endeshi ulioitwa Unix. Seva nyingi za leo, zikiwemo zote zinazotumia Linux, zimerithi mawazo yao. Wazo moja nawaomba mlishike, maana litarudi mbele. Kwenye Unix, jina la faili na faili lenyewe ni vitu viwili tofauti. Faili lina kadi yake inayoitwa inodi. Kadi hiyo ina namba, na inaonyesha mwenye faili, ukubwa wake, tarehe, na sehemu za diski ambako yaliyomo yamehifadhiwa. Jina halimo kwenye kadi. Jina linakaa kwenye folda, na folda ni orodha tu inayosema: jina hili ni la kadi namba fulani.

Utaratibu ni mzuri, mpaka umeme ukatike. Hapa kwetu hilo halihitaji maelezo. Ukikatika wakati seva inaandika, inaweza kuwa imeshaandika kadi lakini haijaandika orodha. Au sehemu moja ya diski imegawiwa mafaili mawili, kama kiwanja kimoja kilichouzwa kwa watu wawili. Miaka ya mwanzo, mtu wa zamu alitakiwa kurekebisha mambo hayo karibu kwa mkono, kwa kutumia programu ndogondogo na kichwa chake. Akikosea, anaharibu zaidi.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, Ted Kowalski aliandika programu iitwayo fsck. Kazi yake ni kama ya mkaguzi wa hesabu. Inapita kadi zote, inapita folda zote, inalinganisha, na pasipolingana inarekebisha. Ikikuta faili ambalo kadi yake ni nzima lakini hakuna folda inayolitaja, hailitupi. Inalipeleka kwenye folda maalumu iitwayo lost+found, yaani vilivyopotea vikaokotwa. Na kwa kuwa jina halijulikani tena, inalipa jina la namba ya kadi yake. Hapo napo pashikeni.

Shida ya fsck ilikuwa muda. Diski zilivyozidi kuwa kubwa, ukaguzi nao ukarefuka, ikafika mahali seva kubwa ikizimika ghafla watu wanasubiri saa nyingi kabla haijarudi kazini. Dawa yake bibi zetu waliijua zamani: mali bila daftari hupotea bila habari. Mafundi waliazima wazo la wenzao wa kanzidata. Kabla ya kugusa chochote, andika kwanza kwenye daftari unachotaka kufanya. Umeme ukikatika, seva ikiwaka haina haja ya kukagua diski nzima. Inasoma daftari: hili lilikamilika, hili halikukamilika, lifute au limalizie. Mfumo wa AIX wa IBM ulikuwa na utaratibu huo mwaka 1990. Windows NT ya Microsoft ilikuja nao mwaka 1993. Linux iliupokea rasmi mfumo wa ext3 mwaka 2001, kazi iliyoongozwa na Stephen Tweedie. Angalia jambo moja: kwa kawaida daftari hilo linatunza mpangilio wa mafaili, halitunzi yaliyomo ndani yake. Linaokoa kabati. Nguo zilizomo ni habari nyingine.

Haya, umeme umepata dawa. Je, diski yenyewe ikifa?

Mwaka 1988, David Patterson, Garth Gibson na Randy Katz wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, waliwasilisha andiko lililobadilisha vyumba vya seva duniani. Hoja yao ilikuwa kwamba badala ya kununua diski moja kubwa ya bei mbaya, nunua nyingi ndogo za bei nafuu, uzifanye zifanye kazi kama moja. Lakini diski nyingi maana yake ni uwezekano mkubwa zaidi kwamba mojawapo itakufa. Kwa hiyo wakapendekeza njia mbalimbali za kuweka akiba ndani ya kundi lenyewe. Utaratibu huo ukaitwa RAID.

Seva yetu ilikuwa na diski nne kwa mtindo wa RAID 5. Kijana wetu alinieleza kwa namba. Tuseme diski ya kwanza ina 3, ya pili ina 5, ya tatu ina 4. Ya nne inawekewa jumla, yaani 12. Ya pili ikifa, unachukua 12, unatoa 3, unatoa 4, unabaki na 5. Umeipata namba iliyopotea! Hesabu halisi ni ya namna nyingine kidogo, na hiyo jumla inagawanywa kwenye diski zote kwa zamu, lakini maana ni hiyohiyo. Diski moja ikifa, watu wanaendelea na kazi na hakuna anayehisi kitu.

Na hapo ndipo mtego ulipo, wadau. Hakuna anayehisi kitu. Seva yetu ilipoteza diski moja miezi kadhaa kabla ya ile Jumanne, ikaendelea kufanya kazi kwa hesabu za kutoa na kujumlisha. Ikawasha taa ya njano. Chumba kile kilikuwa kinafungwa kwa ufunguo, na watu waliingia kufuata kiyoyozi kinapovuja maji. Seva ikatuma pia baruapepe za onyo, moja baada ya nyingine, kwa fundi aliyekuwa ameshaacha kazi. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Siku diski ya pili ilipoanguka, hesabu ikagoma, maana ukiwa na 12 na namba moja tu, zile mbili zilizopotea huwezi kuzijua.

Mtu atasema, si kuna namna ya kujua diski inakaribia kufa? Ipo, lakini si ya kuaminika peke yake. Mwaka 2007 watafiti wa Google walichapisha matokeo ya kuchunguza diski zaidi ya 100,000 kwenye seva zao. Diski huwa zinajipima zenyewe na kuhesabu makosa yao. Watafiti wakakuta zaidi ya nusu ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata alama moja kwenye vipimo vinne vilivyoaminika zaidi. Zilikufa zikiwa na cheti cha afya.

Basi bakapu! Ndiyo. Tulikuwa nayo. Diski ya nje iliyochomekwa kwenye seva ileile, na programu ya kunakili kila usiku. Tulipoifungua tukakuta ilijaa mwaka 2019. Tangu hapo kila usiku programu ilikuwa inaamka, inakosa nafasi, inalala. Miaka mitatu.

Nilitaka kumlaumu yule kijana, kisha nikakuta sisi si wa kwanza, na waliotutangulia wana fedha kuliko sisi.

Mwaka 1998, studio ya Pixar ilikuwa inatengeneza filamu ya Toy Story 2. Siku moja Oren Jacob na wenzake walikuwa wanaangalia folda ya mafaili ya mhusika Woody, wakaona mafaili yanapungua mbele ya macho yao. Mtu alikuwa ametoa amri ya kufuta kwenye seva, na ilikuwa inateremka kwenye filamu nzima. Wakapiga simu chumba cha mashine wakisema chomoa waya. Sehemu kubwa ya filamu ilikuwa imeshakwenda. Wakaenda kwenye bakapu za kanda, na huko wakagundua kwamba zilikuwa na kasoro kwa muda na hakuna aliyezijaribu. Kilichowaokoa ni Galyn Susman, mkurugenzi wa ufundi wa filamu hiyo. Alikuwa amejifungua, anafanyia kazi nyumbani, na kwa ajili hiyo alikuwa na nakala kwenye kompyuta yake ya nyumbani. Wakaibeba ile kompyuta kwa gari, taratibu, imefunikwa blanketi kama mgonjwa. Filamu ikatoka mwaka 1999.

Oneni pia kwamba RAID isingewasaidia chochote. RAID inakulinda na kifo cha diski. Amri ya kufuta inaitii kwa diski zote kwa pamoja, tena kwa haraka.

Nyingine ni ya GitLab, kampuni inayotunza kazi za waandika programu wa dunia nzima. Usiku wa tarehe 31 Januari 2017 kanzidata yao ilielemewa, na seva ya pili iliyotakiwa kuwa nakala ya kwanza ikabaki nyuma. Mhandisi aliyekuwa amechoka aliamua kuisafisha ile ya pili aanze upya. Akatoa amri ya kufuta, ila alikuwa kwenye seva ya kwanza. Alishtuka baada ya sekunde moja au mbili, akasimamisha. Kati ya gigabaiti 300 zilikuwa zimebaki 4.5 hivi.

Walikuwa na njia tano za bakapu na nakala. Hakuna hata moja iliyofanya kazi kama ilivyotarajiwa. Mojawapo ilikuwa inashindwa kila siku kwa sababu toleo la programu halikulingana na la kanzidata, na baruapepe za kutoa taarifa ya kushindwa zilikuwa zinakataliwa njiani. Kama zetu! Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi aliichukua kwa mkono saa sita kabla ya ajali, kwa kazi nyingine kabisa. Walichonifurahisha ni kwamba hawakuficha. Walionyesha kazi ya uokoaji mubashara mtandaoni, na baadaye wakaandika kila kosa hadharani. Waliyoyapoteza ni ya saa zile sita na kidogo, zikiwemo taarifa za miradi ipatayo 5,000 na akaunti mpya kama 700. Kazi zenyewe za watu, zile walizoziandika, zilikuwa mahali pengine na zilipona.

Turudi kwetu. Jambo la busara alilofanya kijana wetu ni kukataa. Bosi mmoja alitaka awashe na kuzima seva mpaka ikubali. Mwingine alitaka aendeshe fsck palepale. Akasema hapana, diski inayokufa huikagui, unainakili kwanza, maana kila unapoigusa inaweza kuwa mara ya mwisho. Akaichomoa ile diski ya pili, akaifungia kwenye kompyuta nyingine, akatumia programu ya bure iitwayo ddrescue. Hiyo inasoma kwanza sehemu zinazosomeka kirahisi, inaruka zile mbovu, kisha inarudi kuzing'ang'ania polepole. Ilichukua siku kadhaa. Nakala ile akaiunganisha na diski mbili nzima, kundi likasimama, na hapo ndipo akaendesha fsck.

Picha nyingi zilirudi kwenye folda zake. Lakini sehemu mbovu za diski zilikuwa zimemeza baadhi ya folda zenyewe, yaani zile orodha za majina. Maelfu ya picha yakaangukia lost+found. Picha zipo, majina hayapo. Sisi tulikuwa tunaandika maelezo kwenye jina la faili: nani, wapi, lini. Sasa kila moja imebaki namba tupu.

Ndipo tukamwita mpiga picha wetu mstaafu.

"Shikamoo mzee, tuna kazi kidogo."

"Marahaba mwanangu. Kidogo ya gazeti naijua."

Alikuja Jumamosi nyingi. Mimi nafungua picha, yeye anasema, nami naandika. Huyu alikuwa diwani. Hawa ni wanafunzi wa mahafali, yule wa pembeni ndiye aliyeongoza. Hii si mafuriko ya 2011, angalieni daraja. Fsck ilikuwa imeshamaliza kazi yake na kusema kila kitu kiko sawa. Kwa mashine, kilikuwa sawa kweli. Haikuwa kazi yake kujua waliomo ndani ya picha ni akina nani.

Katika miezi hiyo alikuja dada mmoja kutoka Mbagala. Marehemu baba yake alikuwa muuza samaki Feri, na gazeti letu lilimpiga picha mwaka 2013. Nyumbani hawakuwa na picha yake ya ukubwani zaidi ya ile ya kitambulisho. Nilimwambia ukweli, kwamba ipo au haipo sijui, aache namba ya simu.

Jumamosi ya tano au ya sita mzee akanishika mkono. "Simama hapo. Huyu namfahamu, wa Feri. Alikuwa ananitania eti kamera yangu inanuka kuliko samaki wake." Nusu ya chini ya picha ilikuwa kijivu kitupu, sehemu hiyo ya diski haikusomeka. Mikono na samaki havikuwepo. Uso ulikuwepo wote, anacheka. Dada alikuja kuichukua siku ileile, akaomba tusiikate ile sehemu ya kijivu.

Wadau, nimewachosha. Nilichojifunza ni hiki. Tangu 1956 kila chombo cha kutibu seva kimezaliwa na hasara ya mtu fulani, na vyombo vyenyewe ni vizuri kweli. Lakini taa ya njano inataka jicho. Baruapepe ya onyo inataka mtu ambaye bado yuko kazini. Na bakapu ambayo hujawahi kuifungua ni imani tu. Kwa hiyo kesho ukifika ofisini kwako, iwe benki, shule au kanisani, muulize fundi maswali matatu: onyo la seva linamfikia nani, bakapu iko jengo gani, na mara ya mwisho kurudisha faili kutoka kwenye bakapu ilikuwa lini. La tatu akikosa jibu, kaa naye chini mrudishe faili moja palepale, mkiwa wote mnaangalia.

Mimi siku hizi nafanya hivyo kila Ijumaa kwa kazi zangu mwenyewe. Faili moja tu, ni dakika tano. Ijumaa iliyopita lilikataa kufunguka, na ndiyo maana leo nimekumbuka kuwaandikia. Nililipata kwenye nakala ya pili.

Tupo pamoja.